Kwenu Kumenyesha?

Sijawahi kumwona mtu mwingine akipiga viatu rangi ili aende pangoni. Mwalimu alipiga. Asubuhi ya safari ungemkuta nyuma ya ofisi ya walimu, mguu mmoja juu ya jiwe, brashi mkononi, akisugua vile viatu vyake vyeusi vya kamba utadhani anaenda kupeleka posa. Tai shingoni. Koti la kahawia lenye mifuko minne. Sisi wengine tulivaa raba na kofia kuukuu, maana siku nzima ilikuwa ya kushuka mawe na kukanyaga mchanga, na yeye alituangalia kwa huruma, kama watu ambao mama zao hawakuwafunza.

"Mnaenda kwa watu hivyo?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Watu gani, Mwalimu? Si ni mapango tu?"

"Mapango ya nani?"

Bado nilikuwa mgeni, kwa hivyo nilicheka kidogo nikaingia kwenye basi.

Nitamwita Mwalimu basi, kwa sababu hata sisi tuliokuwa walimu kama yeye tulimwita hivyo. Alifundisha masomo ya jamii katika shule moja ya msingi mjini Nakuru, karibu na nyumba za zamani za watu wa reli. Mimi nilifika pale nikiwa na cheti ambacho wino wake haujakauka vizuri, mdomo mwingi, na simu mpya. Alizaliwa wapi na ukoo gani, sijui, na sikuwahi kumuuliza. Tena hii si hotuba ya mazishi, yuko hai. Naandika kwa sababu kuna neno moja nililopaswa kumwambia, neno fupi sana, na nilikaa nalo miaka mingi kama mfupa kooni.

Safari yenyewe ilikuwa ya darasa la saba, kila mwaka, muhula wa pili. Basi lilitupandisha kupitia Bahati, likatuacha mahali barabara inapoishia, kwenye ukingo wa bonde. Bonde hilo halimo kwenye vitabu vya shule. Ni korongo refu, kuta za mawe pande zote mbili, na chini mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Mapango yako kwenye kuta, mengine chini ambapo unaingia kwa kuinama, mengine juu ambapo unapanda kwa mikono na miguu. Tulishuka asubuhi, tukatembea chini ya korongo tukiyatembelea mapango moja baada ya jingine, tukala chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kivuli, halafu jioni tukapanda upande wa pili ambako basi lilitungoja.

Kwa Mwalimu, pango halikuwa shimo. Lilikuwa nyumba ambayo mwenyewe ametoka na hakusema atarudi lini. Na ni kweli watu waliishi humo. Wafugaji wa zamani, kisha waliojificha enzi za mkoloni, kisha familia zilizofukuzwa kwenye mashamba zikakosa pa kwenda. Dari ilikuwa nyeusi tititi. Mwalimu aliinyooshea kidole bila kuigusa.

"Huu ni moshi wa chakula cha mtu," alisema. "Kuna mama alipiga magoti hapa akipuliza moto, kuni mbichi, mtoto analia. Msiguse."

Wale watoto wasioweza kunyamaza hata kanisani walinyamaza. Mimi mwenyewe nilirudisha mkono mfukoni.

Kabla ya kuingia pango lolote alibisha hodi. Ndiyo, aliyapigia mawe hodi. Alivua kofia, akasimama pembeni ya mlango kama tunavyofunzwa, asichungulie ndani, akaita mara tatu akipumzika katikati. Hakuna aliyejibu, bila shaka. Alingoja kidogo, halafu akasema polepole, "Tumepita tu kuwasalimu, hatukai." Ndipo akatuashiria tuingie. Walimu wenzangu walimcheka kwenye ofisi ya walimu, na nilicheka nao, na nikamwiga pia, kwa sababu kuiga ndiko nilikokuwa nakujua sana wakati huo. Siku moja alinikuta nikimwiga, kofia kifuani, sauti yake yenyewe. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hodi ya pili umeiharakisha, Madam," akachukua chaki zake akaenda.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Aliwakataza watoto kuokota hata kokoto. Bonde lile lina yale mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika, na kila mtoto alitamani moja. Mwalimu aliwapekua mifuko mwisho wa safari kama askari wa mpakani. Halafu siku moja nilifungua droo ya meza yake nikitafuta kalamu nyekundu, nikakuta mawe meusi kama arobaini, yamepangwa kwa ukubwa. Nikamuuliza, Mwalimu, hii ni nini sasa? Aliona haya mpaka masikio. "Ni yale niliyowanyang'anya," alisema. Nikamwambia basi si ayarudishe. Akasema atayarudisha. Nilipoondoka shule ile miaka baadaye yalikuwa bado yamo, na yameongezeka.

Tena aliogopa ng'ombe. Mtu aliyeingia mashimo yenye popo na harufu ya chui, lakini akiona ng'ombe mmoja barabarani, hata ndama, anavuka upande wa pili na watoto wote nyuma yake. Aliamini ng'ombe hana adabu. Watoto walimpenda kwa hilo kuliko kwa jiografia yote.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hakuyafanyia mzaha. La kwanza ni kuita majina. Aliita mara tatu kwa siku, na hakukubali mtoto ajibu "Niko" peke yake. Pale ukingoni, kabla ya kushuka, jibu lilikuwa "Niko, sijashuka." Kule chini, "Niko, nimeshuka." Na jioni tukiwa tumetoka, "Niko, nimepanda." Watoto arobaini na kitu, mmoja mmoja, na ukikosea anarudia tangu mwanzo. Jua linawaka, nzi wanatusumbua, na yeye yuko pale na daftari lake kama karani wa mbinguni.

La pili lilikuwa mvua. Mtu wa mjini akitaka kujua kama mvua itanyesha anaangalia juu. Mwalimu alisema hilo ndilo kosa letu. Maji yanayoua kwenye korongo hayatoki kwenye mbingu iliyo juu yako, yanatoka kwa jirani. Kunaweza kunyesha juu kabisa, msituni, wewe uko chini unapaka mafuta ya jua, na baada ya saa moja maji yakakufikia bila tone moja kukugusa. Kwa hivyo kabla hatujashuka ilikuwa lazima kumuuliza mtu wa juu. Mtu huyo alikuwa mama mmoja mkulima wa viazi aliyeishi ukingoni mwa msitu, mahali mto unapoanzia. Sisi tulimwita Mama wa Juu. Zamani Mwalimu alimtumia mtu kwa baiskeli siku moja kabla. Simu zilipokuja, akampigia kwa simu ya kuazima. Swali lilikuwa lile lile, salamu ya wakulima wa huku kwetu wanapokutana njiani: kwenu kumenyesha? Mama wa Juu akisema kukavu, tunashuka. Akisema kumenyesha, hata kama ni manyunyu, watoto wanakula chapati zao pale pale ukingoni, wanaangalia mapango kwa mbali, tunarudi nyumbani. Mwaka mmoja tulirudi hivyo, na wazazi walilalamika ajabu.

Mwalimu mwenyewe hakuwa na simu wakati huo. Alisema inamtoa jasho mkononi. Mwaka wangu wa tatu, kazi ya kupiga simu akanipa mimi.

Pale ukingoni mtandao ulikuwa unashika mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa lililokuwa umbali wa kutupa mpira. Nilipanda jiwe hilo. Asubuhi ilikuwa nzuri, mbingu bluu kutoka Menengai mpaka uwezavyo kuona, hata wingu la kuonjesha hakuna. Simu yangu ilikuwa na kredo ya kumpigia mtu mmoja. Na kulikuwa na kijana mmoja wa Naivasha ambaye siku zile alinifanya nisisikie njaa. Nilijiambia nitamsalimia sekunde mbili tu. Nilimpigia yeye. Tulicheka, akaniambia nimekuwa adimu, nikamwambia yeye ndiye adimu, na simu ikakata.

Ningerudi niseme, Mwalimu, kredo imeisha. Dereva alikuwa na simu, tungeomba. Lakini angeniuliza imeishaje, na nilimjua, angeuliza. Niliangalia tena juu. Bluu. Nikateremka.

"Umepiga?" aliniuliza.

"Nimepiga."

"Anasemaje?"

"Kukavu, Mwalimu."

Akafungua daftari akaanza kuita majina. Niko, sijashuka. Niko, sijashuka. Kulikuwa na msichana mmoja, Akinyi, wa familia ya reli, mwembamba, mdomo kama wangu. Jibu lake lilisikika kuliko majibu ya wote.

Huyo Akinyi ndiye aliyefanya kitu ambacho hakuna mtoto aliyewahi kuthubutu. Tulipofika pango la kwanza, alitangulia akaingia kimya kimya akajibanza ndani. Mwalimu akavua kofia, akabisha hodi ya kwanza. Kutoka gizani sauti ya mwanamke mzee ikajibu, "Karibuni! Lakini mfute miguu, nimetoka kufagia!" Woi, watoto walianguka chini kwa kicheko. Nilijua Mwalimu atawaka. Hakuwaka. Alisimama na kofia kifuani, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyengoja jibu hilo miaka yote. "Asante, mama," alisema. "Tumekuja kwa amani." Na kweli akafuta viatu vyake kwenye nyasi kabla ya kuingia.

Mwalimu akaita majina ya chini, niko nimeshuka, tukaendelea. Ilikuwa kama saa tano na nusu, tuko katikati ya korongo, mahali kuta zinapokaribiana. Kwanza ulikuja upepo baridi kutoka nyuma yetu, na ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Mwalimu alisimama. Aligeuka akaniangalia mimi, si korongo. Sekunde moja tu. Halafu akapaza sauti ambayo sikujua anayo.

"Juu! Kila mtu juu! Kwa watu!"

Pango la karibu lilikuwa juu kidogo, mita tatu hivi, la kupanda kwa mikono. Alisimama chini akawasukuma watoto mmoja mmoja kwa mabega, mimi nikiwavuta kutoka juu. Mlio ulikuja kama lori la kokoto linalomwaga, lakini haumalizi kumwaga. Maji yakamfika kwenye goti, mekundu, yamejaa matawi. Na katika hali ile, nawaapia, nilimsikia akiita, "Hodi! Hodi! Hodi!" mara tatu kwa pumzi moja, huku akimsukuma mtoto wa mwisho mlangoni.

Tulikaa mle gizani tumebanana, watoto wanatetemeka, chini yetu maji yanapiga ukuta. Mwalimu alikuwa bado na daftari, limelowa, lakini hakulihitaji. Aliita majina kwa kichwa. Niko, nimeshuka. Niko, nimeshuka. Vilio katikati. Akaita Akinyi. Kimya. Akaita mara ya pili. Kimya hicho mimi bado nakisikia nikiwa jikoni napika.

Alikuwa amerudi kuchukua kiatu cha rafiki yake.

Mungu alimwachia uhai. Maji yalimbeba yakamtupa kwenye mizizi ya mkuyu huko chini, na yalipopungua Mwalimu alimkuta pale, nyonga imevunjika, anapumua. Alimbeba ndani ya lile koti mpaka juu, peku, viatu vyake vyeusi vimekwenda na mto. Mimi nilitembea nyuma na watoto wengine. Jioni aliita majina ya mwisho, na alipofika kwa Akinyi alijibu yeye mwenyewe kwa niaba yake, "Yuko, amepanda," akaendelea na jina linalofuata.

Siku ya nne Mama wa Juu aliteremka na gunia la viazi akaja hospitalini kumwona mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama pale na chupa ya uji, Mwalimu ameketi kwenye benchi la nje. Yule mama alimsalimia, akakaa, akafunga leso vizuri, na alikuwa amekasirika.

"Mwalimu, siku ile nilishika simu mkononi tangu alfajiri," alisema. "Kulinyesha usiku kucha. Mbona hukupiga?"

Niliinama nikaweka chupa ya uji sakafuni. Mwalimu hakugeuza kichwa upande wangu hata kidogo.

"Nilisahau, mama," alisema. "Ni uzee."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba amejua. Na kwenye mkutano wa wazazi, walipomsimamisha mbele na kumuuliza kwa ukali kama aliuliza habari za mvua kabla ya kushuka na watoto wao, alijibu, "Kuuliza ilikuwa kazi yangu. Sikuuliza." Baba yake Akinyi alilia. Mzazi mmoja alimwita muuaji. Mimi niliketi safu ya tatu, mkoba mapajani, na nilinyamaza. Sitatafuta maneno mazuri ya kuuita unyamavu ule. Ulikuwa woga, na niliujua ni woga, na nikaubeba nyumbani nikalala nao.

Safari zikapigwa marufuku. Mwalimu akaondolewa darasani akapewa stoo ya vitabu mpaka akastaafu. Kila asubuhi alinisalimia vile vile, Madam, umeamkaje. Ningepata nafuu kama angenitukana. Nilijaribu mara mbili kuingia stoo niseme. Mara ya kwanza nilimkuta anagundisha vitabu vilivyochanika, nikamwomba gundi. Mara ya pili nilimkuta anakula, nikamwambia karibu chakula, mimi mgeni nikimkaribisha mtu chakula chake mwenyewe. Alicheka sana siku hiyo.

Nilihamia Naivasha, nikaolewa, na si na yule kijana wa simu. Nikapanga nyumba Kihoto karibu na ziwa. Mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia mpaka vyumbani, watu wanatoa magodoro kwa mashua, simu yangu ililia. Alikuwa Mwalimu. Alikuwa amenunua simu hatimaye, katika uzee huo, na sauti yake ilipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Madam! Kwenu maji yamefika wapi?"

"Yamefika dirishani, Mwalimu. Lakini tumetoka."

"Wote mmepanda?"

"Wote tumepanda."

"Haya. Nilitaka kujua hilo tu."

Neno lilikuwa ulimini. Akakata simu, maana hakujua kuaga kwa simu, na mimi nikabaki nimesimama kwenye maji nikilia, na majirani wakadhani ni kwa sababu ya vyombo.

Juzi juzi, baada ya Pasaka, nikapigiwa na Akinyi. Sasa ni mwanamke mzima, ana kibanda cha ushonaji mjini, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, mdomo haujapungua. Yeye na Mwalimu hawakuwahi kuachana. Humshonea suruali, humpelekea maziwa. "Madam," alisema, "enda umwone Mwalimu. Ameanza kupotea. Usiende peke yako, nitakupeleka." Tukakutana steji ya matatu, tukaenda pamoja Kiamunyi, ambako Mwalimu anakaa kwa binti yake.

Tulimkuta getini. Amesimama ndani ya geti, tai shingoni, viatu vyeusi vinang'aa. Kijana wa bodaboda akapita na Mwalimu akainua mkono.

"Boss! Kwenu kumenyesha?"

"Bado, mzee!" kijana akajibu bila kusimama, kama mtu aliyezoea.

Binti yake alitupeleka ndani akatupa chai. Alikuwa amechoka, macho yamevimba. Alisema ni hivyo kila siku iendayo kwa Mungu. Anaamka, anapiga viatu rangi, anavaa, anangoja basi la shule. Ukimwambia hakuna safari analia. Kwa hivyo wanamwambia basi limechelewa, na anangoja mpaka jioni, hali chakula vizuri, haketi.

"Na kuna kitu kingine," binti alisema. "Mchana kutwa ananiuliza, amepiga? Amepiga? Namuuliza nani, hasemi. Nikimwambia amepiga anazidi kuhangaika, anashika kichwa. Nikimwambia sijui, ni hivyo hivyo. Nyinyi mlifanya kazi naye. Ni nani huyo alipaswa kupiga?"

Nilisema sijui. Ndiyo, hata hapo. Mtu akizoea kuficha kitu, ulimi unakificha wenyewe.

Akinyi alikuwa ameketi karibu na dirisha, ametoa sindano na uzi, anapinda mshono wa koti lile la kahawia, maana lilikuwa bado lipo. Kwenye kizingiti cha dirisha mawe meusi yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa. Mwalimu aliingia akasimama katikati ya sebule. Aliniangalia kwa muda mrefu, na sijui aliniona nani, lakini macho yake yalikaa mahali pao sawasawa. Yalikuwa yale yale ya pale ukingoni, kabla hajafungua daftari.

"Umepiga?" aliniuliza.

Niliweka kikombe chini. Binti yake alinikonyeza niseme ndiyo. Akinyi alikuwa mita mbili kutoka kwangu, mguu wake ule ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki vizuri. Nilitamani awe ametoka hata kununua mkate. Lakini alikuwa pale, na Mwalimu alikuwa anangoja, na nikaona kwamba nikisema ndiyo tena, atashuka tena, na atashuka kesho, na kesho kutwa, mpaka afe.

"Sikupiga, Mwalimu," nilisema. "Nilikudanganya. Nilimpigia mtu mwingine, kredo ikaisha, nikaona haya kusema. Sikumpigia Mama wa Juu kabisa."

Sindano ya Akinyi ilisimama.

Mwalimu hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama unavyomwitikia mtoto aliyesema jibu sahihi baada ya kuhangaika, na mabega yake yakashuka.

"Basi hatushuki," alisema.

Akavuta kiti akaketi. Binti yake alishika mdomo, maana hajamwona akiketi mchana kwa miezi. Mwalimu aliinama, akafungua kamba za viatu, kimoja, halafu cha pili, akaviweka kando vikiwa sambamba.

"Waambie watoto wakae kivulini wale chapati zao," aliniambia. "Mapango hayaendi popote. Tutakuja siku nyingine."

"Sawa, Mwalimu."

Alipapasa mifuko akitafuta daftari. Hakulipata, akaanza kuita kwa kichwa. Majina ya watoto wa mwaka ule, kwa utaratibu wake, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo akasikiliza, na sijui alisikia nini, lakini aliridhika akaendelea. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilijua jina lipi linakuja na sikuwa na pa kujificha.

"Akinyi," aliita.

 Nje bodaboda ilipita. Nilikuwa naangalia sakafu, sikuthubutu kuinua uso.

"Akinyi yuko wapi?"

Nilisikia koti likiwekwa chini. Nikasikia akinyanyuka, ule mguu mzuri kwanza, halafu ule mwingine, akija mpaka mbele ya kiti. Alikaa kimya kwa muda, na nilijua kimya kile ni changu, ananipimia mimi. Kisha akajibu kwa sauti kubwa kuliko ya wote, kama zamani.

"Niko, Mwalimu. Sijashuka."